Ngao ya Chuma Chini ya Motokaa

Watu wengi wenye motokaa huzitunza kwa juu tu. Huziosha, huzipiga rangi, hutia vitambaa vipya vitini, na jirani apitaye husifu. Ni wachache wainamao wakachungulia chini, mahali ambapo mawe ya njia hupita kila siku umbali wa shubiri moja tu kutoka kwenye moyo wa mashine. Habari hii ni ya mwalimu mmoja mstaafu wa Kisumu, ambaye alijifunza kuinama baada ya kupata hasara.

Mwalimu huyo alipoacha kazi ya kufundisha hesabu, alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua pikapu kuukuu. Kazi ya pikapu ilikuwa kuchukua samaki kutoka ufuko wa ziwa upande wa Seme na kuwaleta sokoni Kisumu. Dereva alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi. Barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Bondo ni ya lami, lakini mtu akiiacha karibu na majabali makubwa ya Kit Mikayi na kushika njia ya kuteremka ziwani, hapo starehe imekwisha. Njia ni ya kokoto na udongo, na mvua za masika zinaponyesha maji huuchukua udongo wote na kuyaacha mawe yamesimama kama meno.

Alfajiri moja kijana huyo alikuwa akirudi na shehena ya sangara, ambao wenyeji huwaita mbuta, wamefunikwa barafu. Akasikia kishindo kimoja chini ya miguu yake. Alisimama, akayatazama magurudumu manne, akayaona mazima, akaendelea na safari. Hakujua kwamba jiwe lilikuwa limeipasua sampu, yaani lile bakuli la chini la injini ambamo oili hukaa. Sampu si chuma kinene. Katika motokaa nyingi ni bati lililokunjwa au alumini tu, nayo haikutengenezwa kugombana na mawe. Oili ikamwagika njiani. Injini iliyokosa oili ni vyuma vikavu vinavyosuguana. Hushika moto, hupanuka, kisha hung'ang'aniana. Kabla hajaifikia lami, injini ilikwama kabisa. Jua likapanda, barafu ikayeyuka, na samaki wote wakaharibika.

Mwalimu alipopata habari hakuweza kujizuia. "Taa nyekundu ya oili iliwaka mbele ya macho yako," alimwambia. "Wewe ulikuwa ukitazama nini?"

"Niliiona, mjomba," kijana alijibu kwa unyenyekevu. "Lakini taa hiyo huwaka na kuzimika siku zote. Nilikwambia mwezi wa kwanza, nawe ukasema tungoje."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na kwa kuwa yalikuwa ya kweli yalimchoma mwalimu zaidi. Alimnyang'anya kijana funguo mbele ya watu. Dada yake alikuja kuzungumza naye kwa upole, lakini alirudi nyumbani bila jibu.

Injini ilitengenezwa kwa fedha za kukopa, na mwalimu akaanza kuendesha mwenyewe. Aliazimia kwamba jambo lile halitatokea tena. Basi akatwaa pipa kuukuu la oili, akakata kipande cha bati, akakifunga chini ya injini kwa kutumia bolti zile zile zinazoishika sampu. Aliiona kazi yake kuwa nzuri. Wiki chache baadaye, katika njia ile ile ya Seme, jiwe lililigonga lile bati, bati likasukumwa juu likaikandamiza sampu, na bolti zikavuta mpaka oili ikaanza kuchirizika. Safari hii alisimama mara moja, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye usukani na hofu ilikuwa imemjaa.

Kisumu ni mji uliozoea kazi ya chuma tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Leo mafundi wa jua kali wako tele pale Kibuye, wakifua masanduku, majiko, majembe na milango mbele ya macho ya wapita njia. Mwalimu alipeleka pikapu yake kwa fundi mmoja mzee wa huko. Fundi alitandika gunia chini, akalala chali, akakaa humo kwa muda mrefu. Alipotoka alimwomba mwalimu naye aingie akatazame.

"Hizi alama unaziona, mwalimu? Hii ni mpya. Lakini hizi nyingine zimekwisha kushika kutu. Aliyezitia ni nani?"

Mwalimu alinyamaza. Kabla ya kumwajiri mpwa wake alikuwa ameiendesha motokaa hiyo mwenyewe kwa miezi mingi, na njia ilikuwa ile ile. Mawe yalikuwa yamekwisha kuigonga sampu mara nyingi mikononi mwake. Lililoipasua lilikuwa la mwisho tu, na bahati mbaya ilimwangukia kijana.

Kisha fundi akalishika lile bati la pipa. "Umempa mgonjwa ngao, halafu ukamwambia aibebe mwenyewe," alisema. Akaeleza kwamba motokaa ya namna ile ina mifupa yake, nayo ni chasisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba injini na mzigo wote. Ngao yapasa ifungwe kwenye chasisi, ili pigo la jiwe lichukuliwe na mifupa, wala lisiifikie sampu hata kidogo. Akatoa mfano wa mashua za ziwani. Wavuvi wanapoiburura mashua mchangani na juu ya mawe, unaokwaruzwa ni mkuku, ule mti mzito wa chini. Mbao nyembamba za ubavuni hubaki salama. Mkuku ukilika, mashua bado ni mashua.

Ngao ya namna hii si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1953 yalipoanzishwa mashindano ya motokaa ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana sana kwa jina la Safari, madereva walikutana na matope na mawe ya namna hiyo hiyo, na bamba la kulinda injini likawa kitu cha lazima katika mashindano ya njia mbaya. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, si mbali na Kisumu, aliyashinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Katika safari ya namna hiyo mwendo wa kasi peke yake hautoshi. Motokaa lazima ifike nzima.

Jioni ile mwalimu alikwenda nyumbani kwa dada yake. Hakutoa hotuba. Alimwambia mpwa wake, "Mwanangu, kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lako. Kesho twende Kibuye, nataka uione kazi."

Kazi ilianza kwa karatasi ngumu ya katoni. Fundi aliikata na kuijaribu chini ya injini mara tatu hadi ikakaa sawasawa, kwa maana katoni ikikosewa haigharimu kitu, bali chuma kikikosewa ni hasara. Mwalimu alitaka bamba la unene wa milimita 10. Fundi alimwambia apige hesabu, naye akaipiga: bamba la chuma la mita moja mraba lenye unene wa milimita moja lina uzito wa kilo 7.85 hivi, basi bamba lao la sentimita 80 kwa 60 likiwa la milimita 10 litakuwa karibu kilo 38, lakini likiwa la milimita 4 litakuwa kilo 15 tu. Uzito mkubwa huzilemea springi za mbele na kula petroli. Wakachagua milimita 4.

Ukingo wa mbele ulikunjwa kwenda juu, mfano wa omo ya mashua, ili motokaa iteleze juu ya jiwe badala ya kulikita. Kati ya bamba na sampu iliachwa nafasi ya vidole vitatu. Kulitobolewa tundu chini ya bolti ya kumwagia oili, ili oili ibadilishwe bila kulifungua bamba, na matundu mengine ya kupitisha hewa na kutoa maji. Kwa kuwa injini iliyofunikwa pande zote hupata joto, na udongo mweusi wa uwanda wa Kano ukinaswa humo hukauka kama tofali. Vichwa vya bolti vilizamishwa ndani ya chuma, visije vikasagwa na mawe vikakataa kufunguka. Kulehemu kote kulifanywa bamba likiwa kando, mbali na petroli na oili, wala hapana cheche iliyorushwa chini ya pikapu.

Lilipofungwa, fundi aliweka jeki katikati ya bamba na kuipandisha mpaka magurudumu ya mbele yakaanza kuinuka. Hakumruhusu mtu yeyote kuingia chini, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na roho ya mtu. Kijana alichutama kando na kumulika kwa tochi. Bamba lilikuwa limepinda kidogo, lakini halikuigusa sampu. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema kwamba hataipokea fedha yake mpaka taa ya oili itengenezwe kwanza, kwa sababu ngao huzuia jiwe lakini haiwezi kumwambia dereva kwamba oili imekwisha. Kazi ya taa ilichukua muda mfupi na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko kikapu kimoja cha wale samaki walioharibika.

Kijana alirudi kwenye usukani. Bamba limekwisha kupata mikwaruzo mingi ya Seme, na kila mkwaruzo ni jiwe ambalo lingeifikia sampu. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu alikuwa ameifundisha methali hiyo kwa miaka mingi kabla ya kulipia gharama ya ukuta. Siku hizi kila Jumamosi yeye na mpwa wake hutandika gunia chini ya pikapu na kukagua bolti moja moja. Anayeinama wa kwanza ni mjomba.