Kiti cha Landrova

Baba aliinunua Landrova yake, 109 ya mwaka 1974, kwa fedha za ng'ombe na alizeti. Aliponikabidhi funguo, nikajisemea: sasa Ihanja wataona gari.

Nilianza na rimu. Nikabeba nne za Land Cruiser kutoka Singida mjini, juu ya basi. Wapi! Zile zina matundu sita, Landrova ina nati tano. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Nikahamia kwenye springi. Nikamwambia apunguze vyuma viwili kila upande wa nyuma, isirushe watu. Kweli ikalainika, ila tulipopakia magunia ya alizeti, bodi ikakalia ekseli. Usiku uleule tukavirudisha vyote, kwa kandili.

Lakini kilichoniponza ni viti. Niliweka vya Hiace, laini, vyenye pa kuegemeza kichwa. Baba akapanda, akashika usukani, akanyamaza kitambo.

"Mwanangu, kile cha zamani umekipeleka wapi? Kitambaa chake alikishona mama yako."

Mama tulimzika mwaka 1996. Na kiti nilishampa jirani, akakitia bandani.

Alfajiri nikaenda kukiomba. Kuku alikuwa ameshaanza kuatamia.