Nge wanaong'aa usiku Kaengesa

Taa ndogo ya kukagulia noti, ile ambayo wenye maduka humulikia noti ya elfu kumi kuona kama ni halali, ina kazi nyingine ambayo familia nyingi hazijaijaribu. Ikielekezwa usiku kwenye mawe na magome ya miti, nge aliyejificha hapo huwaka rangi ya kijani na buluu kama kwamba kameza betri.

Kaengesa, Sumbawanga Vijijini, ni mahali pazuri pa kuanzia. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ni nyasi na mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Miti ya miombo imebaki kwa vipande, na mkaa unazidi kuvimega. Hakuna haja ya kwenda mbali: vichaka vya nyuma ya shamba vinatosha, hata lundo la mawe mpakani. Baridi ya Juni na Julai huwafungia nge mafichoni. Mvua zinapoanza, kwenye Novemba, usiku wenye joto na usio na mbalamwezi ndio wenyewe.

Taa hiyo hutoa mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho la mtu haliioni. Ganda la nge huipokea na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana. Taa ikizimwa, nge naye anazimika papo hapo, tofauti na kimulimuli anayejitengenezea mwanga. Jambo hili limeandikwa tangu miaka ya 1950, lakini linamsaidia nini nge, wataalamu wangali wanabishana. Mtoto atauliza tu, na mzazi ana haki ya kujibu kuwa bado haijulikani.

Mwenye bahati atamkuta nge mama amebeba watoto mgongoni. Mama anang'aa, lakini vichanga vyake vyeupe havina mng'ao mpaka vijivue ganda la kwanza.

Nge hayuko peke yake. Kuvumwani, yale madoa yanayoganda juu ya mawe na magome, baadhi yake hugeuka njano au rangi ya chungwa. Kwa taa yenye nguvu, majani mabichi huonyesha wekundu hafifu wa damu ya mzee. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kuwa hata manyoya ya kamendegere, mnyama anayerukaruka usiku kwenye nyanda kama za Serengeti, hutoa rangi nyekundu na ya chungwa. Na watoto watacheka sana shati jeupe la shule, lililofuliwa kwa sabuni ya unga, litakapowaka kuliko vyote.

Sasa tahadhari, maana nyoka hawaki. Kifutu aliyelala njiani haonekani kwa taa hii, kwa hiyo familia hutembea kwa tochi ya kawaida na kuwasha ya urujuanimno ikishasimama. Buti miguuni, mikono mbali na mawe na magogo, na taa isielekezwe machoni mwa mtu yeyote. Nge wa kuogopwa zaidi kwa kawaida ni mwenye mkia mnene na makoleo membamba. Mtoto akidungwa, apelekwe zahanati mara moja. Kuchanja au kuchoma kidonda huongeza madhara.

Kuna tahadhari nyingine, ya kijamii. Sumbawanga ina jina lake nchini, la haki au la kuonewa, na mwanga wa zambarau unaozunguka vichakani saa tatu za usiku unaweza kuzua maneno mpaka asubuhi. Mwenyekiti wa kitongoji na majirani waambiwe mapema. Bora zaidi, waalikwe.

Faida kubwa iko nyumbani. Kuni zinazoletwa kutoka porini huingia na wageni chini ya magome, na lundo lake mara nyingi huwekwa jikoni, hatua chache kutoka wanakolala watoto. Kabla ya kulala, mzazi azime taa nyingine, amulike kuni, pembe za kuta, ndani ya viatu na chini ya vitanda. Dakika tano zinatosha. Nge akionekana, kijiti kirefu na kopo lenye mfuniko vitamtoa nje, akaachiwe mbali na nyumba, penye mawe.