Ufizi Utokao Damu

Huku kwetu Ukambani, tangu Mwingi hata Kibwezi, meno ya mzee yakilegea husemwa kwamba ni umri tu. Mimi sikubali. Meno mengi huponzwa na ugonjwa wa ufizi, na ufizi huonya mapema mbele ya yule amwangaliaye mgonjwa.

Nyanya yangu wa Kitui alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kuume ukalegea. Mimi ni karani huko Wote, basi humwangalia mwisho wa juma, na siku nyingine binamu yangu. Alipoanza kukataa isyo na kutaka uji tu, nyumba nzima ilidhani ni tumbo. Binamu yangu akatazama kinywani: ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba, mswaki ukiugusa watoa damu. Majirani wakamshauri auache mswaki mpaka ufizi upone. Shauri hilo, ingawa ni la upendo, ndilo ling'oalo meno. Damu hutoka kwa sababu ya ukoga, yaani utando wa vijidudu penye shina la jino. Ukiachwa huwa mgumu kama jiwe, na hatimaye mfupa ulishikao jino huliwa.

Basi Nyanya huketi wima, asije akapaliwa. Nami humwambia kwanza, "Nyanya, naanza upande wa kushoto," kwani ni mtu mzima, si mtoto. Mswaki ni laini, dawa kiasi cha punje ya mbaazi, nao hulazwa pale ufizi ukutanapo na jino, ukazungushwa polepole, asubuhi na kabla ya kulala. Meno yake ya mbele yalichongwa ujanani kwa desturi ya zamani, na penye mianya hiyo chakula hujificha sana. Kikombe kimoja cha maji chatosha, hata wakati wa kiangazi. Juma la pili damu ilikoma, naye akairudia isyo yake.

Damu ikizidi majuma mawili, au usaha ukitoka, au jino likitikisika, mpelekeni kwa daktari wa meno. Ukoga uliokwisha kuwa jiwe hauondoki kwa mswaki, seuze kwa ncha ya kisu! Mwenye kisukari aangaliwe zaidi. Na mvuta tumbaku asidanganyike, kwani ufizi wake waweza kuugua bila kutoa damu nyingi.

Ile rangi ya kahawia iliyo katika meno ya wengi wanywao maji ya visima vyetu ni jambo lingine. Yatokana na madini ya floraidi, tangu meno yalipokuwa yakikua utotoni, wala hakuna mswaki utakaoiondoa. Msimchubue mzee ufizi kwa ajili yake.