Serikali na "Siri Kali"

Uko mzaha wa zamani ambao kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuusikia, usemao kwamba neno "serikali" limetokana na "siri kali". Mimi nafundisha lugha hii nchini Uganda, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kunipa asili hiyo kwa uso mkavu. Huwaambia kwamba neno hilo chimbuko lake ni Kiajemi, "sarkar", yaani mkuu wa kazi, mwenye amri. Siri haimo hata chembe. Lakini, ndugu wasomaji, mzaha haudumu miaka mingi pasipo sababu. Huu umedumu kwa kuwa watu wengi, wafikapo mbele ya meza ya ofisi, huiona asili ile ya uongo kuwa na ukweli kuliko ile ya kamusi.

Sheria yenyewe haisemi hivyo. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile ambazo kutolewa kwake kwaweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Mwaka 2005 ikatungwa sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Ofisi iliyoulizwa yapasa kujibu katika muda wa siku 21. Asiyejua kuandika aweza kuuliza kwa mdomo.

Je, taarifa zina faida gani kwa mtu wa kawaida? Sisi walimu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1996 katika shule 250 za msingi za Uganda ulionyesha kwamba, kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilizitoa kwa matumizi ya shule, mbali na mishahara, zilizofika shuleni kwa wastani zilikuwa 13 tu. Shule nyingi hazikupata kitu. Ndipo serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea, mzazi apitaye akione. Kufikia mwaka 2001 zilizofika zilikuwa zimepita 80 katika kila 100. Wako wataalamu walioonya kwamba mageuzi mengine ya fedha yalikuwa yakiendelea wakati uo huo, basi sifa zote zisipewe karatasi ya ukutani. Tahadhari hiyo naikubali. Hata hivyo, mzazi asiyejua shule imepelekewa ngapi hana la kumwuliza mwalimu mkuu.

Hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Mwaka ule ule wa 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Lakini sheria ya taarifa iliandikwa kwa Kiingereza. Haki iliyoandikwa kwa lugha usiyoisoma ni kama chakula kilichowekwa juu ya dari: wasikia harufu tu.

Tena tazama tunavyofundisha barua rasmi. Mtoto humzoeza kuomba: kuomba kazi, kuomba likizo, kuomba radhi. Tangu miaka michache iliyopita nimeongeza zoezi la barua ya kutaka taarifa, na darasa likagawanyika kwa neno moja. Msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, ikiwa ni haki yangu, kwa nini niandike 'naomba'? Si heri 'nadai'?" Swali zuri hilo! Kudai ni kazi ya mwenye deni lake, na fedha za umma kwa hakika ni mali yake aulizaye. Lakini "naomba" katika Kiswahili si lazima iwe ya ombaomba. Aghalabu ni adabu tu, na mtu mwenye haki hapungukiwi na kitu kwa kuwa na adabu. Tukapatana hivi: "naomba" ibaki, bali ifuatwe papo hapo na maneno "kwa haki niliyopewa na ibara ya 41". Kinachonikera mimi ni yale madoido ya "mimi mnyonge wako mtiifu", ambayo baadhi ya vitabu vya mazoezi vingali vinayapenda.

Habari za zoezi hilo zilitoka darasani zikaenda vijijini. Mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wangu, alinijia kwa ajili ya kisima cha pampu kilichoharibika, ambacho akina mama wa kwao walikuwa wameambiwa kwamba fedha za kukitengeneza zilikwisha tolewa.

"Mwalimu," akaniambia, "wakiniuliza nazitakia nini hesabu hizo, nijibu nini?"

"Mzee wangu, sheria haikulazimishi kutoa sababu."

Alinyamaza kitambo, kisha akataka nimsomee tena kifungu hicho, mara hii polepole, kwa Kiswahili. Tuliiandika barua kwa lugha mbili, Kiingereza kwa ajili ya ofisi na Kiswahili kwa ajili yake na jirani zake, naye akaipeleka mwenyewe na kurudi na nakala iliyopigwa mhuri. Siku 21 bado hazijatimia.