Nani Mkubwa Kati ya Léopards?



Wengi wenu muliona, ama mulisikia, fujo iliyotokea katika dortuari kubwa siku ya posho, nyuma ya chakula cha jioni. Wengine walisema ilikuwa mambo ya bugali, wengine walisema ilikuwa mambo ya wasichana. Hapana. Ilikuwa mambo ya mpira. Sisi tulio kapita wa interna, tena mufinalisti wa mwaka huu, tunaona ni lazima tueleze jambo hili kwa wote, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa letu.

Jambo lilianza hivi. Ndugu wa mwanafunzi mmoja alipita hapa na motari, akatuonyesha katika telefone yake sinema fupi ya Kombe la Dunia la 1974. Ni mechi ya Zaire na Brazil, huko Ujerumani. Brazil wamepata kufi ya bure, wanajipanga ili wapige. Mara anatoka Mwepu Ilunga kati ya wenzake, anakimbia, anapiga mpira mbali sana kabla Wabrazil hawajaugusa. Arbitri anampa kadi ya manjano. Tukacheka mpaka machozi. Na sisi kapita, ambao tungewaambia wadogo walale, ndio tulisema kwa sauti kubwa: «Hawa wazee hata sheria za mpira hawakuzijua!»

Hapo dortuari ikagawanyika. Wa darasa la nne wakasema mkubwa wa wote ni Chancel Mbemba. Wa darasa la tano wakasema Trésor Mputu. Mmoja, ambaye baba yake aliishi Lubumbashi, akasema hakuna mtu kama Kidiaba. Mwingine akataja Ndaye Mulamba, akajibiwa kwamba Ndaye ni wa ekipi iliyofungwa magoli 9. Kutoka maneno wakafika kwa mikono, na sahani mbili za mabati zikapondeka, na mtoto mmoja akapasuka mdomo.

Aliyetuliza fujo hakuwa sisi. Alikuwa mzee mlinzi wetu. Aliingia na taa yake, akasimama mlangoni, akauliza polepole: «Batoto, munachekelea nani? Ule mutu munamuchekaka, munamujua? Siye tulimusikilizaka ku redio. Usiku ule hakuna mutu alikula mu nyumba yetu.» Kisha akatutazama sisi, akasema: «Na weye kapita, ni weye ulianzisha.» Akatoka. Tulisikia haya kubwa.

Tulipewa azabu ya kukata majani ya kiwanja kwa siku tatu, sisi pamoja na wale wawili waliopigana. Ilikuwa haki. Lakini katika kukata majani tulikuwa na wakati wa kufikiri, na jioni tulienda kwa yule mzee kuomba radhi. Alitupa kiti, akatueleza mengi. Mengine tuliyatafuta wenyewe katika vitabu na kwa walimu. Leo tunapenda kuyaweka mbele yenu, ili mabishano yetu yawe ya watu wenye akili.

Kwanza, tuhesabu. Ekipi ya inchi yetu ilichukua Kombe la Afrika mara mbili. Mara ya kwanza ni 1968, kule Addis Ababa. Tulishinda Ghana 1-0, na Ghana ndio walikuwa wamelichukua kombe 1963 na 1965. Goli lilifungwa na Pierre Kalala. Mara ya pili ni 1974, kule Misri. Katika nusu ya mwisho Wamisri walitutangulia 2-0 nyumbani kwao, mbele ya watu wao, tukawashinda 3-2. Mechi ya mwisho na Zambia iliisha 2-2, ikarudiliwa nyuma ya siku mbili, na Ndaye akafunga magoli yote mawili: 2-0. Katika kombe lile Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 kwa mechi 6. Nyuma yake wamepita Waafrika wakubwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyefikia hesabu hiyo katika kombe moja.

Kwa upande wa ekipi za miji, Englebert wa Lubumbashi walichukua kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968. Vita Club wa Kinshasa walilichukua 1973. Mwaka ule ule, Tshimen Bwanga alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika. Englebert waligeuka kuitwa Mazembe, wakalichukua tena 2009, 2010 na 2015. Na Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe walishinda Pachuca wa Mexico 1-0, wakashinda Internacional wa Brazil 2-0, wakafika mechi ya mwisho ya kombe la dunia la ekipi za miji. Hakuna ekipi ya Afrika iliyokuwa imefika pale. Inter wa Italia waliwafunga 3-0, lakini dunia yote ilimwona Kidiaba akirukaruka kwa matako juu ya majani. Mputu, ambaye 2009 alikuwa mchezaji bora kati ya wale wanaocheza Afrika, hakuwako. Alikuwa katika azabu ya mpira.

Sasa munaona ugumu. Mtoto wa darasa la tano anasema: «Mputu na Mazembe walichukua makombe mfululizo!» Ni kweli. Wa Ndaye anajibu: «Magoli 9!» Ni kweli pia. Lakini wanapima na vipimo viwili. Muuzaji sokoni akikupimia mchele kwa kopo la Guigoz, na mwingine akikupimia kwa kikombe, huwezi kusema wa kwanza amekuuzia bei kali kabla ya kujua kipimo chake kinaingiza ngapi. 1974 Kombe la Afrika lilikuwa na ekipi 8 tu. Leo ziko 24. Mchezaji wa leo anapata mechi nyingi za kufunga, lakini tena anakutana na watu wengi wenye kulipwa Ulaya. Nani amebeba mzigo mzito?

Ugumu huu si wetu peke yetu. Katika Marekani kuna mpira wao mwingine, wenye umbo kama yai, wanaubeba kwa mikono na kuangushana chini. Na wao wanabishana vilevile. Wazee wanasema Jim Brown, aliyecheza miaka 9 tu, kutoka 1957 mpaka 1965, akaacha akiwa bado juu. Vijana wanasema Tom Brady, aliyechukua kombe lao kubwa mara 7. Lakini Brown alipoanza, ekipi ilicheza mechi 12 kwa msimu. Leo ni 17. Kipimo kimegeuka. Tena mujue kwamba hata kule damu yetu ilifika: Tim Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa mwaka ule ule wa 1974, akakulia Canada, na 1996 alichaguliwa wa 8 kati ya vijana wote walioingia katika mchezo ule, akachezea Carolina Panthers. Utamlinganisha namna gani na Ndaye? Mpira wenyewe si mmoja.

Hata majina yanatuchanganya. Pierre Kalala wa 1968, nyuma ya sheria ya majina ya Zaire, akaitwa Kalala Mukendi. Léopards wenyewe kwa miaka fulani waliitwa Simba. Mtu asiyejua anaweza kufikiri ni watu wengine. Na wengine walizaliwa kwetu wakatumikia inchi nyingine, kama Claude Makelele, mzaliwa wa Kinshasa, aliyecheza mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia 2006 na Ufaransa. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, akapita Yanga ya Tanzania, akafika mpaka mechi ya mwisho ya mabingwa wa Ulaya 2004 na Monaco; yeye alivaa nguo ya Kongo. Hesabu peke yake haitoshi.

Sasa turudi kwa Mwepu, maana ndiye tuliyemcheka.

Zaire ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika nyeusi kufika Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza, Scotland walitufunga 2-0. Si haya. Kisha wachezaji wakasikia kwamba pesa waliyoahidiwa hawataipata. Walitaka kukataa kucheza. Wakaingia na roho imevunjika, na Yugoslavia wakawafunga 9-0. Katika mechi ile Ndaye alifukuzwa kiwanjani kwa kosa ambalo hakulifanya yeye. Nyuma ya hapo, kama wachezaji wenyewe walivyoeleza miaka mingi baadaye, watu wa Mobutu waliwaambia: mukifungwa na Brazil magoli 4, musirudi nyumbani. Na Brazil ndio walikuwa mabingwa wa dunia.

Hebu fikirini, ndugu. Mechi inakaribia mwisho. Brazil wako mbele. Kufi ya bure karibu na goli lenu. Nyumbani kuna mke, kuna watoto, kuna mama. Mwepu akakimbia akaupiga mpira ule mbali. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba sheria alizijua vizuri sana. Alikasirika, alitaka afukuzwe, kwa nini ateseke kwa ajili ya wale waliokula pesa yao? Mechi ikaisha 3-0. Walirudi nyumbani. Na dunia ikacheka miaka 40 na zaidi, ikisema Mwafrika hajui mpira, mpaka Mwepu akafa 2015. Na sisi, watoto wa inchi yake, tukacheka pamoja nao katika dortuari.

Mzee alituambia: «Ile siku siye tulijua kuna kitu. Mutu alichukuaka Kombe la Afrika, miezi mitatu tu imepita, atasahau sheria namna gani?» Neno hili lilitukata. Sisi tunaosoma fizika na filozofia hatukufikiri hata hivyo.

Na Ndaye? 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye bunduki walimvamia wakidhani ana pesa, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kwa taabu, akafa Januari 2019.

Kisha tufike kwa watu wa darasa la nne na Mbemba wao. Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, Léopards walikuwa wanacheza nusu ya mwisho ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakaviweka kichwani kama bunduki. Walisema kwa dunia: watu wa Mashariki wanauawa, na munanyamaza. Walifungwa 1-0. Lakini sisi wa Kivu, ambao tunajua maana ya kulala porini na blanketi moja, hatukulia kwa sababu ya goli. Tulilia kwa sababu mtu alitutaja.

Mzee naye aliiona picha ile. Alisema: «Bale ba 1974 balikuwa na mikono vilevile kinywani. Ila siye hatukuiona.»

Ndugu wasomaji, munajua habari ya Sauli na Daudi. Wanawake waliimba kuwalinganisha, mmoja maelfu, mwingine makumi ya maelfu, na tokea siku ile Sauli akamtazama Daudi kwa jicho baya mpaka akamtupia mkuki. Wote wawili walipigania Israeli moja, na wimbo wa kuhesabu tu ndio uliharibu. Katika dortuari yetu mkuki ulikuwa sahani ya bati.

Hatusemi watu waache kubishana. Interna bila mabishano ya mpira ni kama sombe bila chumvi. Lakini tangu sasa, mtu akitaja mkubwa wake, tutamwuliza maswali matatu: alicheza mechi ngapi? Alicheza na nani? Na alikuwa amebeba nini mgongoni? Asiyejibu yote matatu, anyamaze akalale.

Mukitulazimisha kuchagua, tutasema hivi. Kwa magoli, ni Ndaye, na hakuna wa kumfuata. Kwa ekipi ya mji, ni Mazembe wa 2010. Kwa kusema yaliyo katika moyo wa watu, ni wale wa Abidjan. Na kwa Mwepu Ilunga tunaomba radhi, ijapo hawezi tena kutusikia. Yule mtoto aliyepasuka mdomo tumemwomba radhi pia, na sahani mbili tutazilipa sisi kabla ya Mtihani wa Serikali.

Mzee mlinzi ametuahidi kwamba siku ya posho inayokuja atakuja dortuari kutueleza mechi ya Cairo, goli kwa goli. Kila mtu aje na kiti chake. Wa darasa la nne watakaa mbele.

Ni sisi ndugu yenu,
Kapita wa interna, darasa la sita, Shabunda.