Matapishi ya Kijani

Mwalimu wa chuo hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, haletewi watoto wa kusoma tu. Huletewa na wachanga, wengine kutoka Kinole na Mkuyuni, wazee wao wakitaka kombe. "Sheikh, mtoto ana mchango." Neno hili mchango limebebeshwa mzigo mkubwa mno, kila kilio cha tumbo huitwa hivyo.

Alfajiri moja ya masika aliletwa mtoto wa siku nne. Mama yake, arobaini hajaitimiza, alitoka nje kwa hofu. Bibi alikwisha kumnywesha maji ya mizizi. Nikamwuliza mama: mwanangu, katapika nini? Akanionyesha kanga. Ina doa la kijani, kama mchicha uliopondwa. Zafarani sikuiloweka. Tulikodi gari mpaka hospitali ya mkoa, na huko wakampeleka Muhimbili akapasuliwe. Bibi alinung'unika njia nzima kwamba nimewanyima dua. Dua niliisoma, garini. Mtoto yule sasa yumo katika Juzuu Amma, na ni mtundu.

Kucheua maziwa meupe ni kawaida ya wachanga. Ama kijani ni nyongo, na kwa mtoto mchanga huenda utumbo umeziba. Ukiwa umejisokota, damu hukatika na utumbo hufa kwa muda wa saa chache. Naye mwanzoni aweza kuonekana hana neno. Wakunga wetu wa zamani walikiangalia kile choo cheusi cha kwanza, nao walikuwa na haki: kisipotoka siku ya kwanza, mtoto atazamwe, na itazamwe pia kama njia yenyewe ipo. Tumbo likijaa likakaza kama ngoma, hiyo nayo ni dalili.

Yuko na wa wiki tatu hadi sita, maziwa humruka kwa nguvu kila anyonyapo, na bado ana njaa. Na wa miezi kadhaa hulia kwa vipindi akikunja miguu, kisha hulegea, utumbo umeingiana. Huyo baadaye hutoa kamasi yenye damu, lakini usiingoje damu.

Mtoto wa namna hii asinyweshwe kitu, si mizizi, si kombe. Mfunike apate joto, na ile nguo yenye matapishi usiifue. Ichukue, daktari aione.