Kijiko cha Malenge

Simba alikuwa mbwa wa kaka yangu. Kaka alipofariki, mbwa alibaki kwangu, pamoja na tumbo lake bovu.

Usinicheke. Jaribu kuishi Umoja, ghorofa ya nne, na mbwa anayeomba kutoka mara sita kwa siku. Kila mara anachuchumaa, anatoa choo kidogo tu, chenye utelezi kama kamasi. Siku zingine kuna damu. Msimamizi wa ploti aliniambia wazi, "Huyo mbwa apone ama mhame."

Daktari wa mifugo alipima kinyesi. Minyoo hakuna. Akaniuliza Simba anakula nini. Nikajibu haraka: ugali na omena. Akaniangalia tu. "Na nini ingine?"

Ukweli ni kwamba kila Jumapili Mama alikuja kutoka Limuru na kifurushi cha Simba: matumbo, ngozi ya kuku, mchuzi wa vitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, lakini ningemwambiaje? Ndiyo njia pekee aliyokuwa amebaki nayo ya kumlisha mwanawe.

Daktari akaagiza wali, nyama ya sungura, kwa sababu Simba hajawahi kuila, na kijiko cha malenge yaliyochemshwa bila chumvi. Wiki mbili, hata kipande cha chapati hapana. Akaeleza: nyuzinyuzi za malenge hushika maji na kukipa choo umbo, bakteria huzichachusha, na asidi zinazotoka hapo hulisha ukuta wa utumbo mpana. "Lakini usizidishe. Atajaa gesi."

Jumapili ikafika. Mama akafungua kifurushi, Simba akatikisa mkia.

"Mama, hapana."

Alinyamaza muda mrefu. "Sasa mimi nitampa nini?"

Nikampa kijiko.

Siku ya tisa, Simba alishuka ngazi mara mbili tu. Hajapona kabisa, kuna wiki tumbo humrudia, tunaanza upya. Ila siku hizi Mama huja na malenge ya shambani ndani ya kiondo. Anayaponda mwenyewe, akilalamika hayana ladha. Anapima kijiko kimoja, anaketi kwenye stuli, anamtazama akila.

"Alikuwa anakula mbio hivi hivi," anasema.

Simuulizi ni nani.